Asilimia 95 ya Laredo na Milioni ya Houston

Juni 2023 Ofisi ya Sensa ya Marekani ilitoa makadirio yaliyokuwa yakisubiriwa Texas kwa muda mrefu. Kufikia Julai 2022, Walatino walikuwa asilimia 40.2 ya wakazi wa jimbo hilo, na Wazungu wasio Walatino asilimia 39.8. Pengo hilo ni dogo, lakini lilitosha kuwafanya Walatino kuwa kundi kubwa kuliko yote katika jimbo la watu milioni 30.

Mtu akisikia asilimia 40 huona jimbo lenye sura moja, wanne kati ya kila kumi popote uendapo. Shuka mpaka ngazi ya miji uone wastani huo unavyotawanyika. Kwa sensa ya 2020, Laredo, mji wa watu 255,000 ulio ukingoni mwa mto Rio Grande, ulikuwa na Walatino takriban 95 katika kila wakazi 100. Brownsville, chini zaidi karibu na mdomo wa mto huo, ni vivyo hivyo. El Paso ni wanane kati ya kumi, San Antonio ni karibu theluthi mbili, na Corpus Christi imepita asilimia 60. Houston na Dallas zimekaa juu kidogo ya asilimia 40, Austin ni kama theluthi moja, na Plano, kaskazini mwa Dallas, ni takriban mtu mmoja kati ya sita. Kati ya Laredo na Plano kuna safari ya siku moja tu kwa gari.

Takwimu za namna hii zinasomwa vibaya kila siku, na wanaoumia kwa usomaji huo ni watu halisi: watoto wanaokosa nafasi shuleni, mitaa inayokosa diwani. Ndiyo maana nataka tuzisome taratibu.

Tuanze na nani anayehesabiwa. Katika fomu ya 2020, kila mkazi aliulizwa kama asili yake ni Mexico, Puerto Rico, Cuba au kwingineko katika nchi zenye utamaduni wa Kihispania. Swali la rangi lilifuata peke yake, kwa hiyo Mlatino anaweza kuwa Mweusi, Mzungu, mwenyeji wa asili wa Amerika au mchanganyiko. Hakuna cheti kinachodaiwa. Unavyojitaja ndivyo unavyoandikwa. Utaratibu huu una historia yenye maumivu. Sensa ya 1930 iliandika "Mexican" kama rangi, na jambo hilo likapingwa na serikali ya Mexico pamoja na LULAC, chama cha kutetea haki kilichoanzishwa Corpus Christi mwaka 1929. Kufikia 1940 kipengele hicho kilikuwa kimeondolewa. Walikuwa na sababu ya kuogopa, maana katika Marekani ya wakati ule, kuandikwa nje ya Uzungu kulikuwa na maana ya kunyimwa haki kadha wa kadha. Swali la asili lilirudi mwaka 1970 kwa sehemu ndogo tu ya kaya, na 1980 likaulizwa kwa kila kaya. Msomaji wa Tanzania, ambako sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, anaweza kushangaa kwa nini Wamarekani wanang'ang'ania swali hili. Jibu liko kwenye sheria zao za kupiga kura, na tutalifikia.

Kuhusu Laredo, wengi hudhani asilimia 95 ni matokeo ya wahamiaji wa juzi. Mji huo ulianzishwa mwaka 1755 na Tomás Sánchez, chini ya utawala wa Hispania, miaka 21 kabla Marekani haijatangaza uhuru. San Antonio ni ya 1718. Texas ilijitenga na Mexico mwaka 1836, ikaingizwa Marekani 1845, na baada ya vita mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa 1848 uliufanya Rio Grande kuwa mpaka. Watu wa Laredo walijikuta wako nchi nyingine bila kuhama nyumba zao. Baadhi yao hawakukubali, wakavuka kwenda ng'ambo ya kusini na kuanzisha Nuevo Laredo ili wabaki Mexico. Hizo ni familia zilizotenganishwa na mto, na mpaka leo madaraja yanayounganisha miji hiyo miwili yamejaa malori ya biashara na watu wanaokwenda kuwaona ndugu.

Houston ina hadithi nyingine kabisa. Ilianzishwa mwaka 1836 na wafanyabiashara wa ardhi kutoka mashariki, na Walatino wake wengi walikuja katika karne ya 20 wakifuata reli, bandari, mafuta na ujenzi. Miaka ya 1980 vita vya El Salvador na Guatemala vilileta wakimbizi. Baadaye wakaja Wahondura, na katika miaka ya karibuni Wavenezuela, ambao wengi wao wamekaa upande wa Katy, magharibi mwa jiji. Ukienda Killeen, penye kambi kubwa ya jeshi, utawakuta Wapuerto Rico, raia wa Marekani kwa sheria tangu 1917, walioletwa huko na kazi ya uaskari. Wote hao wanaingia kwenye safu moja ya jedwali pamoja na mzee wa Laredo ambaye babu wa babu yake alizaliwa pale pale. Ni kweli kwamba wenye asili ya Mexico ni zaidi ya wanane kati ya kila Walatino kumi wa Texas, lakini hata wao si kundi moja.

Hapa ndipo asilimia inapoanza kudanganya wasio makini. Asilimia 95 ya Laredo ni watu kama 240,000. Asilimia 44 hivi ya Houston ni zaidi ya watu milioni moja. Mtu anayepanga wapi pawekwe zahanati yenye wauguzi wanaosema Kihispania, akiangalia asilimia peke yake ataikimbilia Laredo, na Houston itaonekana ya wastani. Akiangalia idadi, ataona kwamba katika jiji hilo moja wamo Walatino wengi kuliko Laredo, Brownsville na El Paso zikijumlishwa. Lakini idadi nayo haitoshi. Mgonjwa wa Laredo atahudumiwa kwa lugha yake karibu kila anapoingia, kwa kuwa muuguzi, mhasibu na mlinzi wote wanaisema. Yule wa Houston anaweza kuishi mtaa wenye maelfu ya wenzake na bado akaingia hospitali ambayo hakuna anayemwelewa.

Kisha kuna mpaka wa jiji wenyewe, jambo ambalo kwa maoni yangu halipewi uzito unaostahili. Asilimia ya jiji hutegemea mstari ulichorwa wapi. Dallas imezunguka miji midogo miwili ya matajiri, Highland Park na University Park, yenye serikali zake na shule zake. Humo Walatino hawafiki hata mmoja kati ya kumi, ilhali ukivuka barabara uko Dallas yenye zaidi ya wanne kati ya kumi. Kusini, mambo ni kinyume. Kando ya mpaka wa Mexico kuna makazi yanayoitwa colonias, vipande vya ardhi vilivyouzwa kwa maskini kwa mkopo, mara nyingi bila maji ya bomba, bila mfereji wa maji taka wala lami. Takriban watu nusu milioni wanaishi katika makazi hayo huko Texas, karibu wote Walatino. Kwa kuwa mengi yako nje ya mipaka ya miji, katika jedwali la miji hawaonekani kabisa. Ni mafundi, wapishi na watunza bustani wanaokwenda kufanya kazi mjini asubuhi na kurudi jioni mahali ambapo jiji halidaiwi chochote.

Sasa turudi kwenye kura. Kati ya idadi ya wakazi na idadi ya wapiga kura kuna pengo, na kwa Walatino wa Texas pengo hilo ni pana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umri. Wao ni vijana kuliko Wazungu. Zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shule za umma za Texas ni Walatino, na mtoto hapigi kura. Ya pili ni uraia. Wengi wao wamezaliwa Marekani, lakini wako watu wazima wasio raia ambao wanalipa kodi na kuhesabiwa kwenye sensa bila kuruhusiwa kuchagua. Wapiga kura wawili wa Texas walikwenda mahakamani wakidai maeneo ya uchaguzi ya seneti ya jimbo yagawanywe kwa idadi ya wapiga kura, si ya wakazi wote. Kesi hiyo, Evenwel dhidi ya Abbott, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Aprili 2016 majaji wote walikubaliana kwamba jimbo lina haki ya kutumia idadi ya watu wote. Hawakusema kama jimbo likitaka kufanya vinginevyo litazuiwa. Mlango huo bado uko wazi, na miji yenye watoto wengi na wahamiaji wengi ndiyo itakayopoteza viti endapo mtu ataupitia.

Mfano wa San Antonio unaonyesha jinsi kanuni zinavyoweza kuizima asilimia. Kwa miaka mingi madiwani wa huko walichaguliwa na jiji zima, si kata kwa kata, na mitaa ya Walatino ya upande wa magharibi ilifurika maji kila mvua iliponyesha bila mtu wa kuisemea. Mwaka 1975 Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilipanuliwa ili kuwalinda wananchi wa lugha za wachache, na Texas ikaingia chini ya uangalizi wa serikali kuu. Mwaka 1977 San Antonio ilikubali kata kumi. Miaka minne baadaye Henry Cisneros alichaguliwa meya, Mlatino wa kwanza kushika kiti hicho tangu Juan Seguín mwanzoni mwa miaka ya 1840. Hesabu ya wakazi haikuwa imebadilika sana katika miaka hiyo minne. Kilichobadilika ni namna ya kuchagua.

Pasadena, mji wa viwanda vya mafuta pembeni mwa Houston, ulikwenda upande wa pili. Walatino walikuwa asilimia 62 mwaka 2010 na wanazidi kuongezeka. Mwaka 2013, mara baada ya Mahakama ya Juu kuondoa uangalizi ule wa serikali kuu, Pasadena ilibadili halmashauri yake kutoka kata nane hadi kata sita pamoja na viti viwili vya mji mzima. Walatino walishitaki. Januari 2017 jaji Lee Rosenthal aliamua kwamba mabadiliko hayo yalikuwa ya kuwapunguzia nguvu kwa makusudi, akaamuru kata nane zirudishwe. Hapa ndipo swali la asili kwenye fomu ya sensa linapojitetea. Bila takwimu hizo mtaa kwa mtaa, wakazi wa Pasadena wasingekuwa na cha kumwonyesha jaji.

Kwa hiyo takwimu zikiwa na kasoro, madhara yake si madogo. Ofisi ya Sensa yenyewe, baada ya kujikagua, ilikiri mwaka 2022 kwamba Walatino wa nchi nzima walihesabiwa pungufu kwa takriban asilimia 5 katika sensa ya 2020, na kwamba Texas yote ilipungukiwa asilimia 1.92, yaani zaidi ya watu nusu milioni. Janga la korona lilivuruga kazi ya makarani. Kabla yake kulikuwa na jaribio la kuingiza swali la uraia kwenye fomu, ambalo Mahakama ya Juu ililizuia Juni 2019, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani kwa watu. Nani angefungua mlango kirahisi wakati shemeji yake hana karatasi? Yaelekea asilimia za miji nilizozitaja ni za chini kuliko ukweli, na upungufu ni mkubwa zaidi pale ambapo watu ni maskini zaidi.

Machi 2024 serikali kuu iliamua kwamba katika sensa ya 2030 swali la asili na swali la rangi yataunganishwa kuwa moja, na mtu ataruhusiwa kuweka alama zaidi ya moja. Naunga mkono uamuzi huo, kwa sababu mamilioni ya Walatino walikuwa wakishindwa kujiona kwenye orodha ya rangi na kuishia kujaza "nyingine". Lakini jedwali la 2030 halitalingana moja kwa moja na la 2020, na mwandishi wa habari atakayetangaza kwamba Walatino wa Dallas au Austin wameongezeka au kupungua kwa kiasi fulani, bila kwanza kueleza kwamba swali lilibadilika, atakuwa amewapotosha wasomaji wake.