Mgongo wa Bibi na Mawimbi ya Barabara ya Serengeti

Mwaka 1998 kampuni ya Disney ilifungua huko Florida, Marekani, bustani ya burudani iitwayo Animal Kingdom, na ndani yake ikaweka mchezo wa kupanda gari unaoiga mbuga za Afrika Mashariki na kuitwa Kilimanjaro Safaris, ambao abiria wake huanzia katika kijiji cha kubuni kilichopewa jina la Harambe, kisha huzungushwa kwa lori lililo wazi ubavuni, kwa takriban dakika 20, katika eneo la ekari 110 lenye twiga, viboko na simba wa kweli. Barabara yake imejengwa makusudi iwe na mabonde na mashimo, ili mgeni aamini kwamba yuko porini, na kwa sababu hiyo wenye maradhi ya moyo, ya shingo au ya mgongo huonywa kabla ya kupanda, ilhali anayetumia kiti cha magurudumu hutengewa gari analoweza kuingia bila kuinuka. Mzee wa Nyarero, wilayani Tarime, ambaye wajukuu wamejichanga ili naye akaone nyumbu wakivuka Mto Mara, hukaa katika gari la kitalii saa sita au nane, katika barabara ambayo mashimo yake hayakuchongwa na mhandisi yeyote, wala hakuna anayemwonya.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na yenye eneo la kilomita za mraba 14,763, ni jirani wa wilaya za Tarime na Serengeti, na upande wake wa kaskazini, yaani Lamai na Kogatende, ndiko makundi ya nyumbu huvukia mto kati ya Julai na Oktoba. Wapo wazee wengi wa mkoa wa Mara waliokua wakiisikia hifadhi hiyo bila kuingia humo kama wageni, na familia inapoamua hatimaye kumpeleka bibi au babu asiyetembea vizuri, maswali yanayoulizwa kwanza huwa kama simba atakaribia gari, kama moyo wake utastahimili, na kama puto linalopaa alfajiri halitamtisha. Maswali hayo si ya kipuuzi, lakini fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, huweka mbele mambo yasiyovutia macho: urefu wa kidato cha gari, mahali kiti kilipo, idadi ya mitikisiko kwa sekunde, na muda ambao mguu unakaa bila kunyooshwa.

Mwili wa mtu aliyeketi hauchukui kila mtikisiko kwa namna moja. Kila kitu chenye uzito na unyumbufu kina kasi yake ya asili ya kuyumba, na kikisukumwa kwa kasi hiyohiyo huyumba zaidi kuliko nguvu inayokisukuma, kama bembea inayosukumwa kila inaporudi. Kwa uti wa mgongo wa mtu aliyeketi, kasi hiyo iko katikati ya mitikisiko minne na minane kwa sekunde, kipimo ambacho wanasayansi hukiita hezi 4 hadi 8, na katika masafa hayo, yaani idadi hiyo ya mitikisiko kwa sekunde, misuli ya mgongo hulazimika kukaza na kulegea haraka mno hata huchelewa, kiasi kwamba badala ya kuupunguza mtikisiko huongeza mzigo juu ya pingili. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu wafanyakazi wanaotikiswa na mashine limeweka kiwango cha mita 0.5 kwa sekunde kwa sekunde, kwa wastani wa saa nane, kuwa ndipo mwajiri aanze kuchukua hatua, na mita 1.15 kuwa ukomo. Ikumbukwe kwamba viwango hivyo vimewekwa kwa kuwafikiria watu wa umri wa kufanya kazi, na mzee wa miaka 78 mwenye mifupa iliyopungua uzito hakuwamo katika hesabu hiyo.

Chanzo kikuu cha mitikisiko hiyo porini ni mawimbi ya barabara, yaani matuta madogo yanayofuatana juu ya changarawe, kila moja likiwa umbali wa nusu mita hadi mita moja kutoka kwa mwenzake, ambayo hayafanani na rasta za kwenye lami kwa kuwa hakuna aliyeyaweka. Mwaka 2007 watafiti wa Ufaransa, Kanada na Uingereza walichapisha katika jarida la Physical Review Letters majaribio yaliyoonyesha kwamba gurudumu likizungushwa mara nyingi juu ya mchanga mkavu huzaa mawimbi hayo lenyewe, hata likiwa halina springi, mradi limevuka mwendo fulani. Kwa hiyo lawama ambazo abiria humwelekezea dereva, au shokapu za gari lake, zina ukweli mdogo kuliko inavyodhaniwa.

Mwendo, hata hivyo, ndio unaoamua mtikisiko utaingia mwilini kwa masafa gani, na hesabu yake ni nyepesi. Mawimbi yakiwa na umbali wa sentimita 70, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa ndani ya hifadhi, hupiga matuta karibu 20 kwa sekunde, masafa ambayo springi na kiti huyameza kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana madereva husema kwa kujiamini kwamba ukikimbia barabara inalainika. Wanasema kweli, isipokuwa kwamba tairi linaporuka kutoka tuta hadi tuta huwa hewani kwa sehemu ya muda huo, na breki au usukani haviwezi kulitawala gurudumu lisilogusa ardhi. Familia inayomwomba dereva apunguze mwendo hadi kilomita 15 kwa saa, kwa kumhurumia bibi, humletea mitikisiko sita kwa sekunde, yaani humtumbukiza katikati ya masafa yaleyale ambayo uti wa mgongo huyachukia. Ikilazimika kupunguza, ni afadhali gari liende kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu nguvu ya mtikisiko hushuka haraka kadiri masafa yanavyopungua na mwili hupata nafasi ya kuyumba pamoja na gari. Na bora kuliko yote ni kuchagua njia iliyopitiwa na greda hivi karibuni, pamoja na kushusha kidogo upepo wa matairi, jambo ambalo dereva mzoefu hulifanya mwenyewe akiambiwa mapema ni nani aliyepanda.

Kiti nacho kina siri yake. Gari linapopita juu ya tuta huinuka na papo hapo huinamia mbele au nyuma, kwa hiyo aliyekaa juu ya ekseli ya nyuma, au nyuma yake, hurushwa zaidi kuliko aliyekaa katikati ya ekseli mbili. Katika Land Cruiser za kitalii zilizorefushwa, ambazo paa zake huinuliwa, mstari wa katikati wa viti ndio wenye utulivu, ingawa kiti cha mbele kando ya dereva kina mlango mpana na mahali pa kushika, na kwa mzee ambaye tatizo lake ni magoti kuliko mgongo hicho kinaweza kumfaa zaidi. Godoro nene la sponji analowekewa bibi kwa upendo linastahili kutazamwa kwa mashaka: sponji laini nayo ina masafa yake ya asili, ambayo mara nyingi ni karibu hezi 4, na hivyo huweza kuukuza mtikisiko uleule iliowekwa kuuzuia, mbali na kuyainua makalio hadi miguu ikaning'inia bila kugusa sakafu. Blanketi gumu lililokunjwa, au mto mwembamba uliokazwa, hufanya kazi vizuri zaidi.

Hatari inayopaswa kuogopwa kuliko uchovu ni kuvunjika kwa pingili. Osteoporosisi, hali ambayo mfupa hupoteza madini na kubaki na matundu mengi ndani, huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, na haina dalili mpaka mfupa uvunjike. Pingili zinazoathirika zaidi ni zile za mpaka wa kifua na kiuno, ambazo huweza kubonyea kwa mbele mtu anaporushwa juu na kurudi kitini akiwa ameinama. Mwaka 2005 madaktari wa Uturuki walieleza majeraha ya uti wa mgongo ya watu waliokuwa ndani ya magari yaliyovuka matuta ya barabarani, na majeraha hayo hayakuhitaji ajali wala kugongana, kwani mrusho mmoja ulitosha. Mzee ambaye kimo chake kimepungua, au ambaye mgongo umepinda katika miaka ya karibuni, huenda tayari amebonyea pingili moja au mbili bila kujua, na huyo anapaswa kuonwa na daktari kabla ya gari kukodiwa. Kuna ugumu mwingine ambao vitabu vya tiba haviutaji: bibi wa Kikuria aliyelelewa kutolia mbele ya watu hatamwambia mjukuu aliyetoa fedha zake kwamba anaumia, na atasema safari ni nzuri mpaka arudi nyumbani. Ni busara kumtazama uso na mikono anavyoshika kiti, kuliko kumuuliza.

Kupanda na kushuka ndiko kunakowashinda wengi. Baada ya umri wa miaka 50 misuli hupungua mwaka hata mwaka, na nguvu yake hupungua haraka kuliko unene wake, kwa kuwa nyuzi za misuli zenye kasi, zinazomwinua mtu kutoka kitini, hutangulia kupotea. Hali hiyo ikizidi huitwa sakopenia. Kipimo chake hakihitaji mashine: mzee aliyeketi kwenye kiti kigumu, mikono ikiwa kifuani, huombwa asimame na kuketi mara tano mfululizo, na akizidi sekunde 15 huhesabiwa kuwa na udhaifu wa misuli ya miguu, naye hatakiweza kidato cha Land Cruiser, ambacho ni kirefu kuliko ngazi yoyote ya nyumbani, bila stuli imara ya kukanyagia na mtu wa kumshika kiunoni. Kumvuta kwa mikono kutoka juu, kama inavyofanyika mara nyingi, huweka uzito wote kwenye bega, kiungo ambacho kwa wazee huchomoka kwa urahisi. Anaposhuka asiachiwe mara moja, kwa kuwa presha ya damu huweza kushuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi ndani ya dakika tatu baada ya mtu kusimama, na kizunguzungu kinachofuata humwangusha akiwa ameshafika chini salama.

Haya yote huenda yakawafanya wasomaji waone kwamba Serengeti haimfai mzee hata kidogo, lakini bibi huyohuyo siku ya kliniki hupakiwa kwenye bodaboda, amekaa upande, bila kiegemeo cha mgongo, juu ya magurudumu mawili, na hakuna kikao cha familia kinachoitishwa.

Puto la hewa moto, ambalo limekuwa likirushwa Serengeti tangu mwaka 1989, linastahili maelezo ya peke yake kwa sababu linadanganya. Hewa iliyopashwa moto kwa gesi ndani ya puto huwa nyepesi kuliko hewa baridi ya alfajiri, hivyo huinuka pamoja na kapu la abiria, kisha husafiri kwa mwendo uleule wa upepo unaolichukua. Sikio la ndani, ambalo lina vijichembe vya chokaa vinavyohisi mabadiliko ya mwendo, halihisi mwendo usiobadilika, na ngozi haihisi upepo kwa kuwa upepo na abiria wanakwenda pamoja. Kwa muda wa saa moja hivi mzee hana mtikisiko, hana kizunguzungu, na mgongo wake unapumzika kuliko ungekuwa kwenye gari lolote. Hatari iko katika ncha mbili za safari. Kapu huingiwa ama kwa kupanda ukuta wake kwa kukanyaga matundu madogo, ama likiwa limelazwa na abiria wakilala chali ndani yake. Ndani yake watu husimama karibu muda wote. Na wakati wa kutua abiria huchuchumaa au kuketi wameshika kamba, mgongo ukielekea kule kapu linakokwenda, kwa sababu upepo ukiwa mkali kapu hugonga ardhi, huburuzwa, na huweza kulala ubavu. Asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka mwenyewe, au aliyewahi kuvunjika nyonga au pingili, hana nafasi humo, hata kama fedha ipo na rubani ni hodari, na atafurahia zaidi kuliona puto likipaa akiwa garini.

Kwa mzee wa Nyarero, basi, upande wa Lamai unashinda ule wa Seronera, katikati ya hifadhi, kwa kuwa mto uko jirani na saa nyingi za siku hiyo hutumika gari likiwa limezimwa kusubiri nyumbu waamue, na gari lililozimwa halitikisi mtu. Kusubiri nako kuna kanuni zake. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka takriban mara mbili mtu anapokaa safarini kwa saa nne au zaidi, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu, inayoisukuma damu kurudi juu, imelala. Na kwa sababu sheria ya hifadhi hairuhusu kushuka isipokuwa mahali palipotengwa, mzee avuliwe viatu na kila nusu saa akanyage na kuinua visigino palepale kitini. Jambo linaloharibu mpango huu kuliko jua na vumbi ni choo. Bibi anayejua kwamba hakuna pa kujisitiri huacha kunywa maji tangu jana yake, akiogopa kuwaaibisha vijana, na mwili uliokauka hushusha presha, huifanya damu kuwa nzito na humtia usingizi ambao watu huudhani ni uzee. Kwa hiyo kabla ya kumuuliza dereva simba wako wapi, inafaa aulizwe vyoo viko wapi, bibi aambiwe majibu hayo nyumbani, mbele ya binti yake, na chupa ya maji ikabidhiwe kwa mtu mmoja atakayemnywesha njiani.