Mgonjwa Asikilizwe

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mihogo, minazi na mahindi. Lakini mkulima akiugua, shamba nalo linaugua. Kwa hiyo leo tuzungumze juu ya matende na mabusha. Watu wengi wa pwani ya Tanga huuficha ugonjwa huu.

Katika kijiji kimoja nilikofanya kazi palikuwa na mzee, mkulima hodari. Aliacha kuja mikutanoni. Watu walisema amekuwa mvivu. Siku moja nilimfuata nyumbani. Tulikaa chini ya mwembe wake. Sikumharakisha. Mwishowe akanieleza. Alikuwa na busha kwa miaka mingi. Kutembea kulimpa taabu, na kukaa mbele ya watu aliona haya. Aliambiwa kwamba busha huletwa na madafu. Basi akaacha madafu, akangoja lipungue. Halikupungua.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mbona hukusema?"

Akajibu, "Bwana shamba, hakuna aliyeniuliza."

Madafu hayaleti mabusha. Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo sana. Mbu humwuma mtu mwenye minyoo hiyo, kisha humwambukiza mwingine. Uvimbe huweza kutokea baada ya miaka mingi.

Mwaka 2004 Serikali ilianza kugawa vidonge bure mkoani Tanga. Vidonge hivyo huua minyoo michanga iliyo katika damu. Lakini watu wengi hawakuvimeza. Kwa nini?

Watafiti wawili, Melissa Parker na Tim Allen, walifuatilia jambo hilo katika wilaya za Pangani na Muheza, toka mwaka 2004 hadi 2011. Walisoma madaftari ya ugawaji. Pia waliwauliza wanavijiji wenyewe. Wengine waliogopa dawa. Wengine hawakuelezwa vizuri sababu ya kuimeza. Wengine hawakufikiwa kabisa. Taarifa za ofisi zilionyesha watu wengi wamemeza. Wanavijiji waliosema wamemeza walikuwa wachache zaidi. Unaona? Hesabu peke yake haitoshi. Lazima watu wasikilizwe.

WEWE UFANYE NINI?

Sasa unajua kusoma na kuandika. Kama nyumbani kuna mgonjwa, mwombe ruhusa. Chukua daftari, umwulize:

1. Ugonjwa ulianza lini, na ulianzaje?
2. Je, hupata homa au mtoki? Mara ngapi?
3. Ametumia dawa gani, za hospitali na za miti shamba?
4. Ni kazi gani hawezi kuifanya sasa?
5. Anaogopa nini?

Andika maneno yake mwenyewe. Usimcheke wala usimkatize. Kisha msomee, asahihishe. Daftari hilo ni siri yake. Usimwonyeshe jirani. Nendeni nalo kwa mganga wa zahanati. Litamsaidia kujua alipoanzia.

Busha hupasuliwa hospitalini. Mguu wenye matende uoshwe kila siku kwa maji safi na sabuni. Ukaushwe vizuri, hata katikati ya vidole. Mgonjwa akipumzika, auinue mguu. Na sote tulale ndani ya chandarua.

Yule mzee alikwenda hospitali akapasuliwa. Msimu uliofuata nilimkuta shambani, anapalilia mihogo.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi mwulize anayekilalia.