Padre aliyekataa Mlipuko Mkuu uwe ushahidi wa Mungu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye shule moja ya sekondari mkoani Morogoro kuongea na wanafunzi kuhusu nyota. Mambo yalienda vizuri mpaka tulipofika kwenye maswali. Binti mmoja wa kidato cha tatu akasimama: "Dada, kanisani kwetu wanasema ukizisoma sana hizi habari za Mlipuko Mkuu unaishia kumkana Mungu. Wewe bado unasali?" Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Nikajibu haraka haraka kitu kama "hayo ni mambo mawili tofauti", nikachukua swali lingine. Kwenye basi la kurudi nikawa najilaumu, maana jibu lile lilikuwa la kukwepa tu. Kwa hiyo leo naandika nilichotakiwa kumwambia.

Nianze na mtu mwenyewe. Wazo kwamba ulimwengu ulianza kutoka hali moja ndogo, nzito na yenye joto, ambalo leo tunaliita Mlipuko Mkuu, lilitoka kwa padre. Sitanii. Georges Lemaître alizaliwa mwaka 1894 huko Charleroi, Ubelgiji, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa kwenye kikosi cha mizinga, kisha akasomea hisabati na seminari. Alipewa upadre mwaka 1923, na mwaka huohuo akaenda Cambridge kusoma kwa Arthur Eddington, baadaye Marekani. Maisha yake yote alivaa kola ya upadre na kufundisha fizikia Leuven.

Mwaka 1927 alichapisha makala kwa Kifaransa kwenye jarida la Ubelgiji ambalo wengi nje ya nchi hiyo hawakulisoma. Mrusi Alexander Friedmann alishaonesha mwaka 1922 kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaotanuka, lakini kwake ilibaki hisabati. Lemaître alichukua vipimo vya galaksi halisi akaviunganisha na hiyo hisabati.

Vipimo gani? Fikiria king'ora cha gari la wagonjwa: likija kwako sauti inakuwa nyembamba, likikupita inakuwa nzito, kwa sababu mawimbi ya sauti yanavutika. Mwanga wa galaksi za mbali nao unafika kwetu ukiwa umevutika kuelekea upande wa rangi nyekundu, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo unavyozidi kuvutika. Ila hapa mfano wa gari unaishia, kwa sababu galaksi hazikimbii kupita katikati ya anga kama magari barabarani. Anga lenyewe ndilo linaloongezeka. Chukua unga wa maandazi uliotiwa hamira, weka zabibu kavu ndani, uache uumuke. Kila zabibu itaona wenzake wote wanaondoka, wa mbali kwa kasi zaidi, na hakuna zabibu inayoweza kusema "mimi ndio katikati". Ndiyo maana jina "mlipuko" linapotosha kidogo. Hakukuwa na sehemu fulani ambapo bomu lililipuka. Na jina lenyewe alilitoa mpinzani, Fred Hoyle, kwenye redio ya BBC mwaka 1949. Yeye aliamini ulimwengu hauna mwanzo, na hakuficha kwamba habari ya mwanzo ilimnukia dini.

Einstein naye alipokutana na Lemaître Brussels mwaka 1927 alimwambia kwamba hesabu zake ziko sawa, ila fizikia yake ni mbaya mno. Miaka miwili baadaye Edwin Hubble akachapisha vipimo vyake, na upinzani dhidi ya kutanuka ukaanza kuyeyuka.

Sasa twende mwaka 1931, maana hapa ndipo penye jibu la binti wangu. Lemaître aliandika barua fupi kwenye jarida la Nature. Hoja yake: kama ulimwengu unatanuka, rudisha filamu nyuma, utafika wakati vitu vyote vilikuwa pamoja. Baadaye aliliita hilo "atomu ya mwanzo". Rasimu yake iliyopigwa taipu ipo mpaka leo, na mwishoni ina aya moja kuhusu Mungu, kwamba muumini anaweza kufurahi kuona fizikia inaweka kama pazia mbele ya uumbaji. Aya hiyo aliikata kwa kalamu kabla ya kuchapisha. Kwa kweli mimi ule mstari wa kalamu unanigusa kuliko milinganyo yake. Padre ana wazo la mwanzo wa ulimwengu mkononi, ana jarida kubwa kuliko yote, na anaamua Mungu asiingie kwenye hoja.

Miaka ishirini baadaye mtu mwingine akamwingiza. Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pius XII alihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, ambayo Lemaître alikuwa mwanachama wake. Papa alisema, kwa maneno yangu, kwamba sayansi sasa imerudi nyuma mpaka kuishuhudia ile saa ya "iwe nuru". Ungetegemea padre ashangilie. Hakufurahi hata kidogo. Papa alitarajiwa kuhutubia mkutano wa wanaastronomia wa dunia nzima uliofanyika Roma Septemba 1952, na kabla ya siku hiyo Lemaître alipeleka wasiwasi wake Vatikani. Hotuba ya Septemba haikurudia madai yale.

Kwa nini alijali hivyo? Angalia namba. Hubble alikuwa amepata kwamba kila ukiongeza umbali wa miaka nuru milioni 3.3 hivi, kasi ya kuondoka inaongezeka kama kilomita 500 kwa sekunde. Ukirudisha filamu kwa kasi hiyo unapata ulimwengu wenye umri wa miaka bilioni 2 tu, wakati mawe ya Dunia yenyewe yalikuwa yanaonesha umri mkubwa zaidi. Mtoto kamzidi mama umri! Halafu kwenye mkutano uleule wa Roma, Walter Baade akatangaza kwamba umbali wa galaksi ulikuwa umekosewa, ni kama mara mbili ya ilivyodhaniwa. Umri wa ulimwengu ukaongezeka maradufu kwa siku moja. Yaani miezi kumi baada ya hotuba ya Papa, hesabu ilishahama. Leo kasi hiyo ni kama kilomita 70, umri ni miaka bilioni 13.8, na bado njia mbili kuu za kupima zinagombana: moja inatoa karibu 67, nyingine karibu 73. Hatujui nani kakosea.

Sayansi inafanya kazi hivyo, inajirekebisha. Ukiipigilia imani yako kwenye namba ya mwaka huu, mwakani namba ikibadilika utafanya nini? Nazisema pia zile video za WhatsApp, za Wakristo wanaotaka Mwanzo sura ya 1 iwe kitabu cha fizikia, na za Waislamu wanaosema aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa ilishaeleza kila kitu. Sina ugomvi na aya wala sura. Nina ugomvi na haraka. Na haraka hiyohiyo naiona kwa wenzangu wa maabara wanaosema Mlipuko Mkuu umemfukuza Mungu. Nadharia inaeleza jinsi ulimwengu ulivyotoka kwenye joto na msongamano mkubwa mpaka hapa ulipo. Ukirudi nyuma kabisa, milinganyo ya Einstein inakatika, haitoi jibu. Kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu, hilo haligusi. Lemaître mwenyewe alisema mwaka 1958, mbele ya wanafizikia wenzake, kwamba nadharia yake iko nje ya swali la dini na inamwacha asiyeamini huru kutoamini.

Uthibitisho wenyewe ulikuja kwa njia ya kawaida ya sayansi. Mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson wa New Jersey walikuwa na antena yenye kelele isiyoisha. Walisafisha mpaka kinyesi cha njiwa, kelele ikabaki. Ilikuwa ni mabaki ya joto la mwanzo, sasa limepoa mpaka nyuzi 270 chini ya sifuri. Sehemu ndogo ya zile chenga za televisheni za zamani ilitoka huko. Lemaître aliletewa habari hii akiwa mgonjwa, siku chache kabla ya kufariki tarehe 20 Juni 1966.

Kwa hiyo mdogo wangu, kama unasoma hapa: ndiyo, bado nasali. Jumapili iliyopita nilichelewa misa kwa sababu nilikuwa nasahihisha mahesabu usiku kucha. Mwenzangu wa meza ya pili hasali kabisa, na tunapata majibu yaleyale. Ukifika wakati wa kuchagua tahasusi, jaza PCM.