Usalama wa Majengo ya Shule: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa Karo

Mzazi alipaye karo ni mtumiaji wa huduma. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma yenye ubora unaofaa, kupewa maelezo anayohitaji, na kulindwa afya na usalama wake. Haki hizo zinahusu huduma za taasisi za umma na za watu binafsi vilevile. Basi mzazi anayeuliza kuhusu hali ya jengo la shule hadai fadhila. Anadai haki yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, wanafunzi 67 walifariki bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, lilipoteketea. Moto uliwashwa kwa makusudi. Lakini mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma, hivyo wengi wakakosa pa kutokea. Ndiyo sababu swali la kwanza kuhusu jengo lolote la shule ni hili: mtoto atatokaje humo kukitokea hatari?

Bwenini

Mwongozo wa viwango vya usalama uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka yafuatayo:

- Milango iwe katika kila mwisho wa bweni, na mlango wa dharura katikati.
- Milango ifunguke kwa nje, wala isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani.
- Madirisha yasiwe na vyuma, na yafunguke kwa urahisi.
- Nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita 2.

Vyuma vya madirisha huwekwa kwa nia njema ya kuzuia wezi. Hata hivyo, kinachomzuia mwizi kuingia humzuia pia mtoto kutoka.

Darasani na uani

Ufa mwembamba ulio kwenye lipu pekee hauna uzito sawa na ule unaopenya ukuta mzima au unaozidi kupanuka. Iombe shule iweke alama ya penseli na tarehe kwenye ncha za ufa. Ukivuka alama hizo, mhandisi aitwe. Tazama pia dari iliyolegea, nyaya za umeme zilizo wazi, ngazi zisizo na vishikio, na sakafu ya choo cha shimo iliyoanza kubonyea. Jengo la ghorofa liulizwe zaidi: nani aliidhinisha ramani yake, na lini lilikaguliwa mara ya mwisho?

Ukigundua kasoro

1. Mwandikie mwalimu mkuu barua yenye tarehe, ukieleza kasoro na mahali ilipo. Baki na nakala.
2. Usipojibiwa, ipeleke kwa bodi ya usimamizi, au kwa mwenye shule ikiwa ni ya kibinafsi.
3. Kasoro ikibaki, peleka nakala zako kwa ofisi ya elimu ya kaunti ndogo na kwa afisa wa afya ya umma.

Hatari ikiwa ya papo hapo, usifuate ngazi hizi moja baada ya nyingine. Ziarifu ofisi zote siku hiyo hiyo, na utake watoto wahamishwe kwanza. Ukarabati waweza kungoja fedha. Mtoto aliye chini ya dari inayoning'inia hawezi kungoja.