Lubumbashi: Mke aombe ruhusa, ao wasikilizane na bwana yake?

Mbele ya wauzaji wa magazeti, watu wasiojuana husimama na kubishana juu ya siasa, bei ya unga na sheria. Wanaitwa «wabunge wa kusimama». Swali moja linarudi mara nyingi: mwanamke aliyeolewa anaweza kuuza kiwanja ao kwenda tribinali bila ruhusa ya bwana yake?

Sheria ya jamaa ya 1987 ilidai ruhusa hiyo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa: sasa bibi na bwana wanapashwa kusikilizana, na sharti hilo linamufunga mwanaume pia.

Shida iko kwenye luga. Sheria imeandikwa kwa Kifaransa, lakini mabishano ni kwa Kiswahili, moja ya luga ine za taifa katika Katiba ya 2006. Anayetafsiri «kusikilizana» kuwa «kuomba ruhusa» anarudisha sheria ya 1987 bila kujua. Na mwanamke anayemusikiliza anaweza kurudi nyumbani akiamini kwamba hana haki, kumbe anayo.