Pini Tatu Hazitoshi

Anayetafuta priamplifaya ya valvu yenye balansi huanza kwa kuuliza valvu: ni 6SN7 au 6922, za Urusi au za zamani za Marekani, ziko ngapi? Mimi ningemuuliza kwanza ana amplifaya gani, na kebo inayokwenda huko ina urefu gani.

Balansi ni dawa ya kelele za njiani. Sauti hupita katika nyaya mbili, mmoja ukiibeba ikiwa imegeuzwa juu chini. Waya wa tatu ni ethi. Mvumo wa umeme wa nyumbani ukiingia, huingia sawasawa katika nyaya zote mbili. Kifaa kinachopokea huchukua tofauti kati ya nyaya hizo, basi sauti hubaki na mvumo hujifuta. Ndiyo maana fundi mitambo huvuta kebo ya maikrofoni mita 50 ukumbini bila wasiwasi. Kwa mtu ambaye amplifaya yake ina soketi za RCA tu, zisizo za balansi, tena iko mita moja kutoka kwenye priamplifaya, faida hiyo karibu haipo. Fedha zake aziweke kwenye spika.

Tuseme amplifaya ni za balansi kweli, na zimewekwa kando ya spika, mbali na vifaa vingine. Hapo ununuzi una maana, ila soketi za XLR, zile za pini tatu, peke yake hazithibitishi kitu. Ziko mashine ambazo ndani zina njia moja ya kawaida, kisha chipu ndogo mwishoni hutengeneza nakala iliyogeuzwa. Nyingine hutumia transfoma, njia ya zamani na ya heshima, ingawa transfoma nzuri haina bei nafuu. Nyingine hubeba nusu zote mbili mwanzo hadi mwisho kwa valvu pacha, saketi ambayo Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, aliiombea hataza Uingereza mwaka 1936.

Hiyo ya mwisho ndiyo husifiwa zaidi, nayo ina jambo ambalo matangazo hulipita kimya. Watu hupenda valvu kwa utamu wake. Sehemu ya utamu huo ni upotoshaji: juu ya kila noti valvu huongeza sauti hafifu ya oktava moja zaidi, na sikio huipokea kama unono. Valvu pacha zinapolingana, nyongeza hiyo hutokea sawa pande zote mbili, kwa hiyo hufutwa pamoja na mvumo. Mnunuzi amelipia valvu maradufu ili aondolewe kile alichokifuata! Si kasoro. Uwiano wa sauti na kelele za valvu zenyewe huwa bora kwa desibeli 3 hivi, na mimi naupenda usafi huo. Lakini anayetaka unono ataridhika zaidi na saketi ya kawaida yenye transfoma mwishoni.

Volyumu nayo ichunguzwe. Ya stereo ya kawaida ina safu mbili za ukinzani. Ya balansi mara nyingi huhitaji nne zinazolingana, na zisipolingana kelele hazijifuti vizuri.

Halafu kuna ukinzani wa pande mbili zinazokutana. Mafundi hutaka ule wa amplifaya uwe angalau mara kumi ya ule wa priamplifaya. Amplifaya nyingi za transista zina omu 10,000 tu kwa kila upande wa balansi. Priamplifaya ya omu 600 haioni taabu. Ya omu 3,000 itabanwa. Tazama pia kapasita ya kutolea sauti. Ikiwa ni mikrofaradi 0.47 juu ya omu 10,000 hizo, noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, yenye hezi 41, hupoteza zaidi ya desibeli 2. Mwenye nyumba atalaumu spika bure. Kapasita ya mikrofaradi 2 ingemaliza karibu tatizo lote.

Mwisho uliza bei ya valvu za akiba, na uiulize kwa seti nzima. Pacha mmoja akichoka kabla ya mwenzake, ulinganifu uliougharimia umekwenda, na kubadilisha mmoja peke yake mara chache huurudisha.