Je, dripu ni hatari kwa mtoto mgonjwa?

Wapo wazazi wanaokataa dripu kwa sababu wamesikia kwamba utafiti uligundua inaua watoto. Tueleze utafiti wenyewe.

Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali, ambao damu yao haikuzunguka vizuri, waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walitibiwa, lakini baadhi waliongezewa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Ndani ya saa 48, kwa kila watoto 100, walikufa kama 7 kati ya wasioongezewa, na kati ya 10 na 11 kwa walioongezewa.

Matokeo hayo ni mazito, ila yana mipaka. Watoto waliokuwa wakiharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa kwenye utafiti. Tena, kilichopimwa ni maji mengi kwa haraka, si kila dripu. Mtoto aliyekaukiwa maji mwilini kwa kuharisha anaweza kufa akiyakosa.

Utafiti hutoa jibu la kundi lililopimwa. Kama mwanao anafanana na kundi hilo, hilo huamuliwa kwa kumpima.

Kwa hiyo ukifika kituoni, mweleze daktari: ameharisha tangu lini? Anakunywa? Anakojoa? Kisha uliza: "Dripu hii ni ya nini, na itakwenda kwa kasi gani?" Uliza kwanza, usikimbilie kukataa.